Bomba la Tatu

12 Juni

Kaka Povu,

Nimefika, na anayekusalimu kwanza ni mgongo wangu, maana lori lilinirusha njia nzima kama nguo kwenye beseni. Nusu siku barabarani kuuzunguka mlima ambao wewe ukisimama kwenye kamba zako za kuanikia unauona kilele chake. Kumbe kwa kupasua moja kwa moja, kutoka hapa hadi nyumbani hazifiki kilomita mbili. Simu hazishiki huku. Dereva wa lori la vipuri anapita kwenu kila baada ya wiki mbili, barua mpe yeye. Ana maneno mengi lakini hapotezi kitu.

Uliniambia wateja wanakuuliza ni visima gani hivyo vya kulala. Waambie ndiyo, vinalala. Kisima cha kawaida unachimba kwenda chini, ukiyakuta maji unaanza kuhangaika na pampu kuyapandisha. Sisi tunasimama ubavuni mwa mlima tunatoboa kwenda ndani, kama mtu anayepitisha sindano kwenye godoro. Tundu linainuka kidogo kadiri linavyoingia, ili maji yakipatikana yateremke yenyewe. Humo tunasukuma bomba la plastiki lililochanwa nyufa nyembamba, hata ukucha haupiti. Maji yanaingia, mchanga unabaki nje. Hakuna pampu, hakuna dizeli. Mji wa huku una zahanati na shule mbili, na watu wananunua maji kwa dumu. Tunatakiwa kuweka mabomba matatu.

Chumba changu ni kontena: nusu yangu, nusu ya masanduku ya mawe yanayotoka ndani ya mlima, yote yana namba. Mhandisi wetu ni mpole, hacheki, na anaandika kila kitu. Siku ya kwanza vijana wa mtambo walinidhania mpishi. Sasa wananiita fundi.

Msalimie Mama. Mwambie tukikosea vipimo tutatokea kwenye karo lake la kufulia.

Mdogo wako,
Keekee


30 Juni

Mdogo wangu Keekee,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kwa sababu Mama alidai hakusikia vizuri. Alikuwa amesikia. Sasa mteja akija kuchukua suti yake haondoki mpaka aambiwe kwamba binti wa nyumba hii anatoboa milima. Jana mzee mmoja wa benki alikaa dakika ishirini na suti mkononi, akitafuta pa kupenyeza kwaheri.

Hilo jina la Keekee nilikupa mimi, siku ulipotoboa beseni jipya kwa msumari ukitaka kujua maji yatatokea wapi. Naona kazi ni ile ile, wamekubadilishia msumari tu.

Huku mambo mazuri. Hospitali imetuongezea: shuka sitini kwa wiki, na mapazia ya wodi ya watoto juu yake. Karo linajaa kabla hatujamaliza chai ya asubuhi. Wifi yako anapiga pasi huku akiimba vibaya, kwa hiyo ujue ana furaha.

Nina swali la mtu asiyesoma kama wewe. Maji yakishateremka yote kwenye hilo bomba, mlima unabaki na nini? Mimi nayajua yakiingia karoni kutoka chemchemi yetu na yakitoka karoni. Huko nyuma ya ukuta yanakotoka sijawahi kujiuliza.

Kakako,
Povu


21 Julai

Kaka,

Tumepata! Mita mia moja thelathini na nane. Tangu asubuhi mtambo ulikuwa unatafuna jiwe kavu, tunatemewa tope la kijivu. Baada ya chakula cha mchana tope likageuka jekundu, halafu jepesi, halafu mtambo ukavuta pumzi kama mtu aliyeshtuka. Tulipochomoa vyuma maji yalikuja nyuma yake yakimfukuza fundi mwenzangu hadi kwenye matope. Pipa zima lilijaa nikihesabu kumi na moja. Mhandisi alikinga kiganja, akanywa, akaenda nyuma ya gari. Nadhani alicheka huko.

Bomba la pili tumeliweka wiki hii, nalo linatoa karibu sawa. Nimepewa usimamizi wa mtambo. Mimi, Kaka. Nimeanza kusaini karatasi kwa kalamu ya wino.

Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Mlima ni kama sponji lililolowa. Mvua inalijaza kwa juu, sisi tunalibana kidogo kwa pembeni. Ukibana kidogo, mvua inarudisha. Nimeona vipimo, usiwe na wasiwasi.

Keekee


19 Agosti

Mdogo wangu,

Hongera. Mama amefurahi sana.

Sisi hatujambo. Kazi imepungua kidogo kwa sababu hospitali wamenunua mashine ya kufulia, kwa hiyo shuka haziji tena. Nimebaki na mashati ya watu na suti. Si vibaya, napumzika. Napenda hata kutembea siku hizi.

Dereva ana haraka, nakomea hapa.

Povu


2 Septemba

Kaka,

Nimeisoma barua yako nikadhani nimeletewa ya mtu mwingine. Hospitali wamenunua mashine, na wewe unapumzika? Ulienda kuongea nao? Mashine ya kufulia inahitaji umeme na fundi, na hospitali ile hata taa za korido haziwaki zote. Ungewaendea siku ya kwanza tu wangekuachia mapazia angalau. Mama alianza na beseni moja na mtoto mgongoni, hakupumzika. Wewe umepewa karo la saruji na chemchemi isiyokauka, unaniambia unapenda kutembea.

Kama umechoka na kazi ya udobi sema. Huku wanatafuta watu wa kubeba vyuma, naweza kukuombea.

Nimesema kwa sababu inaniuma.

Keekee


11 Septemba

Wifi yangu,

Anayekuandikia leo si kaka yako. Hajui kama naandika, na dereva nimemhonga kwa kumpigia pasi suruali mbili.

Hospitali hawajanunua mashine yoyote. Hata ufagio wanaazima. Shuka zimeondoka kwa sababu hatuna maji ya kuzifua. Chemchemi ilianza kulegea wiki ya mwisho ya Julai. Kwanza tulidhani majani yameziba, kaka yako akaingiza mkono hadi begani, akatoa changarawe tu. Sasa jicho la juu limekauka kabisa na la chini linatoa uzi kama wa cherehani. Karo lililokuwa linajaa kabla ya chai, sasa linajaa saa saba mchana, na lenyewe nusu.

Kule “kutembea” alikokuandikia ni huku: anasukuma mkokoteni wa nguo hadi mtoni, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi na nguo mbichi. Nimemuuliza kwa nini asikwambie. Akasema, “Nimwambie nini? Kwamba siku yake ya kwanza kusaini kwa wino ndiyo ilituacha wakavu?” Akanikataza. Mimi nimekataa kukatazwa.

Barua yako ya tarehe mbili Septemba aliisoma amesimama. Akaikunja. Akapiga pasi shati moja mara tatu, shati la watu, mpaka nikalichukua mkononi mwake kabla halijaungua.

Mama anajua. Hajasema kitu isipokuwa juzi, alipokaa ukingoni mwa karo akaangalia ule uzi, akasema, “Mwanangu ndiye anayeyavuta, basi angalau hayajaenda kwa mgeni.” Sikujua nicheke au nilie, nikaenda kuanua nguo.

Sikulaumu. Wewe ndiye mwenye vipimo, na sisi huku tuna mkokoteni.

Wifi yako


20 Septemba

Kaka,

Nisamehe barua ile. Ningeweza ningeifuata barabarani nikaimeza.

Kuna jambo nilikuficha, na ni baya kuliko maneno yale. Kabla ya kuanza kutoboa kulikuwa na fomu. Unaorodhesha kila chemchemi na kila kisima kilicho ndani ya kilomita tatu, na watu wanaokitegemea. Kazi ya kuijaza nilipewa mimi kwa sababu naujua mlima huu. Niliandika visima vitano vya upande huu. Chemchemi yetu sikuiandika. Nilikaa na ile fomu jioni mbili. Nilijiambia miamba imelalia upande huu, maji ya kwetu ni mengine. Hilo lilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa wangesema, huyu amekuja kulinda maji ya kwao, wampe mtambo mtu mwingine. Basi nikaacha mstari mtupu.

Tangu barua ya wifi nimekuwa nikienda kwenye tangi kila asubuhi na saa yangu. Kaka, maji mengi hata hayanywewi. Mabomba ya mitaani hayajaunganishwa yote, kwa hiyo tangi linajaa saa nne asubuhi, na kuanzia hapo kila kinachotoka mlimani kinamwagika bondeni mpaka kesho yake. Kisima cha kulala hakina pampu ya kuzima. Usipokifunga kwa koki, kinatoka tu, kuna mtu au hakuna.

Nimemwomba Mhandisi tuweke koki kwenye midomo ya mabomba. Anasema baada ya bomba la tatu, maana ratiba imebana. Bomba la tatu limeelekezwa ndani zaidi, upande wa nyumbani.

Sijui nifanye nini. Niambie.

Keekee


29 Septemba

Keekee,

Umeniuliza ufanye nini. Mimi dobi, sifundishi watu kutoboa.

Maji kupungua nimekuelewa siku nyingi. Sikukasirika, wallahi. Nilisema mlima ni wa wote, na mdogo wangu hakuona upande wa pili, kama mimi nisivyoona upande wake. Nilidanganya habari ya hospitali ili usibebe mzigo. Nilikuwa nasukuma mkokoteni huku nikikutetea kwa mke wangu mwenyewe.

Kumbe uliona. Ulikaa na kalamu jioni mbili, ukaona nyumba, karo, Mama, mimi, ukaturuka. Hilo ndilo lisilonitoka. Mtambo ungetukosea bila kutujua. Wewe unatujua.

Mama anasema nikuandikie maneno yake: watu wa huko nao wana shuka, usiwafungie maji kwa hasira. Nimeyaandika.

Na usiache kazi kwa ajili yetu ili baadaye tuambiwe tulikuponza. Sitaki deni la namna hiyo.

Povu


24 Oktoba

Kaka,

Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka kwanza niwe na la kusema.

Tarehe saba tulikuwa tumepanga vyuma vya bomba la tatu. Vijana wako tayari, mtambo umepashwa moto, umeelekezwa. Mhandisi akasema, “Washa.”

Nikasema, “Siwashi.”

“Mtambo una shida?”

“Mtambo ni mzima. Fomu ndiyo mbovu, na niliyeijaza ni mimi.” Nikamweleza yote, mbele ya vijana, kwa sababu nilijua nikiomba tukae pembeni nitapunguza maneno.

Akavua kofia, akakaa juu ya sanduku la mawe. “Ile fomu,” akasema, “chini ya jina lako kuna jina gani?”

“Lako.”

“Nilisaini bila kutembea upande wa pili. Nilisema fundi ni mwenyeji, anajua.” Akaangalia mlima kana kwamba umemjibu vibaya. “Kwa hiyo unaniponza na mimi.”

“Ndiyo, mkubwa.”

“Angalau huzunguki.”

Aliandika barua ofisini yeye mwenyewe, akaweka makosa yetu yote mawili. Majibu yamekuja wiki iliyopita. Bomba la tatu limesimamishwa mpaka mpimaji aje huko kwenu na kurudi huku mara kadhaa. Koki zimefungwa kwenye mabomba mawili, na ndani ya tangi kuna boya: tangi likijaa boya linapanda na kuyazuia. Bondeni kumekauka, vyura wamehama. Mhandisi amepewa onyo. Mimi nimeondolewa kwenye mtambo. Niko stoo, naandika vipuri vinavyoingia na vinavyotoka.

Usidhani nimefanya kwa ajili yenu ili mnishukuru. Wala sijui kama chemchemi itarudi. Sponji likishabanwa sana linachukua muda, na pengine halirudi lilivyokuwa. Hilo nakwambia kabla hujasikia kwa mpimaji.

Keekee


16 Novemba

Keekee,

Mpimaji amekuja mara mbili. Ni mama mmoja mfupi mwenye ndoo na saa, hataki chai wala mazungumzo. Anakinga, anahesabu, anaandika. Jina la chemchemi aliniuliza, nikamwambia haina, akaandika “ya dobi”. Maji bado ni uzi ule ule.

Nina jambo la kukiri na mimi. Wiki iliyopita nilipanda lori nikaja huko. Nilitaka kuliona hilo bomba. Nilitaka kulichukia vizuri, kwa macho. Dereva akanishusha kwenye magati ya mtaani, pale wanapochotea maji. Mwanamke mmoja alikuwa anajaza ndoo, akaona nimesimama tu, akaniuliza, “Mgeni? Kunywa basi.” Nikanywa. Ni maji yetu, Keekee, nayajua kwa meno. Yule mama akaniambia zamani alikuwa anafua nguo za wanawe mara moja kwa wiki mbili, na hapo anachagua zipi. Mimi ni mtu wa kufua. Nikamshikia ndoo akajitwika.

Kisha nikapita stoo. Dirisha lilikuwa wazi. Ulikuwa umeinama unaandika, kalamu ya risasi sikioni na nyingine mkononi. Nikasimama kidogo, nikarudi kwenye lori. Sijui kwa nini sikuingia. Nilikuwa sijapanga la kusema, na ungeniuliza kuhusu maji.

Hasira imepungua, haijaisha. Nakwambia kama ilivyo.

Povu


14 Januari

Mwanangu,

Mimi sijui kuandika, mkono huu ni wa wifi yako, lakini maneno ni yangu na nimemkataza kuyanyoosha. (Sijayanyoosha hata moja. Wifi.)

Tangu Novemba hujaandika. Kaka yako naye haandiki. Kila lori likipita anatoka nje na mikono ya povu, anamwangalia dereva, dereva anatikisa kichwa, anarudi ndani anasema alitoka kuangalia mawingu. Nimemuuliza, kwa nini usimwite dada yako? Akasema, anapajua nyumbani, atakuja mwenyewe. Nami nakujua wewe: umekaa huko unasema, sitakwenda mpaka niitwe. Basi mmoja anasubiri aitwe na mwingine anasubiri bila kuita. Wote wawili nimewazaa mimi, kwa hiyo naita mimi.

Sikiliza habari za maji. Mvua zimenyesha vizuri. Jicho la juu la chemchemi limekufa, wala usilitarajie, yule mpimaji ameniambia usoni na nimempenda kwa hilo. Jicho la chini limefunguka tangu kabla ya mwaka mpya. Karo linajaa saa nne asubuhi. Si kama zamani, ni zaidi ya nusu. Hospitali wameturudishia shuka thelathini, na mkokoteni tumemuuzia muuza mkaa. Mpimaji anasema kwa kipimo hiki bomba la tatu halitachimbwa, ila hayo mawili yakifungwa na kufunguliwa kwa akili, huku tutafua na huko watakunywa. Kaka yako alimtengenezea chai siku hiyo, na safari hii akainywa.

Kuhusu ile fomu. Ulikosa, na ulisema ulikosa mbele ya watu, na umelipia. Sioni watu wazima wawili wanataka niongeze nini hapo. (Mama ananiangalia niandike “wapumbavu wawili”. Nimeandika watu wazima.)

Lingine. Wifi yako bega lake limekataa tangu Desemba, daktari kamkataza kukamua nguo nzito. Mimi nguvu zangu unazijua. Shuka ya hospitali haikamuliwi na mtu mmoja, inataka wawili, huyu ashike ncha hii na yule ile, mmoja asokote kulia na mwingine kushoto. Kaka yako sasa anafunga ncha moja kwenye nguzo ya kamba, anashika nyingine, anaisokota peke yake. Nguzo haijui kulegeza. Wiki iliyopita zimechanika mbili. Nikamwambia, nguzo itakuchania zote. Akanijibu, “Nitashika na nani, Mama?”

Shuka zinaletwa Jumatatu. Omba ruhusa huko stoo, uje Jumapili na lori, ulale.

Mama yako